Kiatu Juu ya Paa

Katika soko la Bursa, chini ya mlima wenye theluji,
kiatu kibovu hakikutupwa jalalani.
Kilirushwa juu ya paa la aliyekishona
kikae huko, mdomo wazi,
kila mpita njia ajue ni mlango wa nani.

Cha baba yangu kilitua upande wa kushoto wa dohani.

Aliyeshitaki ni Todori, mchukuzi wa makaa.
Alikuja amefunga mguu kwa gunia,
vidole viwili vimebaki mlimani.
Hakupiga kelele. Aliweka kiatu mezani
mbele ya Hudaverdi, mkuu wa washonaji,
kama mtu anavyoweka paka aliyekufa.

Na huyo Hudaverdi alijua kazi!
Gumba lake lilikuwa rula: mishono saba kwa upana wa gumba,
sita ni uvivu, nane ni kuitoboa ngozi bure.
Soli iwe ya nyati, si ya mbuzi, si ya farasi aliyefia njiani,
iloweshwe siku tatu, ivutwe ingali na maji;
uzi ulishwe nta mara mbili.
Hayo sikuyaona yameandikwa popote.
Yalikaa ndani ya kucha zao.

Akakitia kisu.
Soli ikafunguka kama samaki,
na humo, kati ya ngozi na ngozi,
gome la mti, limelowa, linanuka uyoga.

"Durmush, hii alama ni yako?"
Baba akatazama mwezi mdogo uliochomwa kisiginoni.
"Ni yangu."
Hakuulizwa mkono. Aliulizwa alama.

Sanduku la chama likamrudishia Todori fedha zake,
na juu yake bei ya makaa ya majira mazima.
Baba akavuliwa kibwebwe chake cha ngozi.
Kisha kijana mmoja, hodari wa kurusha, akatoka nje.
Nilisikia vigae.

Sasa niseme.
Majira yale jeshi lilikuwa limebeba ngozi zote,
baba yu kitandani na homa, macho yamejaa ukungu,
na mimi, bintiye, mpakaji nta,
nina jozi moja ya kumalizia na unga wa siku mbili.
Gome lilikuwa pale, karibu na kuni.
Nilihesabu mishono: saba, saba, saba.
Kwa nje nilikuwa mwaminifu kabisa.

Mchuma janga hula na wa kwao, husema watu;
hawamsemi baba aliyelila peke yake, kimya,
akanisogezea sahani ya uji.

Kibwebwe alirudishiwa baada ya miaka miwili.
Wakaja na ngazi, wakishushe.
Akawaambia ngazi ya kuazima hurudishwa mapema.
Kikabaki. Kikaota nyasi.
Korongo alikikagua kwa kiota, akakikataa.

Baba hayupo. Nashona nyuma ya pazia;
alama ya mwezi ni ile ile, huipiga mume wangu.
Jana alikuja Todori, mvi tupu, anachechemea.
Hakutazama paa. Hakuuliza bei.
Alichukua kiatu, akaikunja soli karibu na sikio
kama mtu abishaye hodi na kusikiliza
iwapo ndani mna watu,

nami nimeshika pumzi, sindano mkononi,
nangoja ijibu.