Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jarida letu tuliliita Mteremko,
kwa kuwa Bukavu hakuna mahali pa kukaa sawasawa:
hata meza ya Murhula tuliyokunjia kurasa
ilikuwa na tofali chini ya mguu mmoja,
na chini ya tofali, hadithi ya Wabulasa
tuliyoikataa mara tatu.
(Alijua. Alisema, "Angalau imebeba kitu.")

Ntakwinja, muuguzi wa zamu za usiku kule Panzi,
aliandika nyuma ya chati za homa,
hivyo kila beti lake lilikuja na mistari mgongoni
inayopanda na kushuka,
jotoridi la watu tusiowajua.
Asende alituma riwaya kutoka Uvira, sura moja moja,
kwa dereva wa lori la ndagala.
Tuliihariri tumeziba pua,
na shujaa wake hadi leo hajavuka Kamanyola.
Kyalondawa, fundi saa, hakuandika neno.
Alikagua vituo tu.
"Koma hii inachelewa," angesema,
nasi tuliisogeza.

Toleo la saba: umeme ulirudi saa tano usiku,
tukashuka mbio hadi Nyawera
kumgongea mwenye mashine ya fotokopi.
Nakala sitini na nne. Kurasa zote zikatoka salama,
ila wa kumi na tisa, tuliouacha mwisho, ukakuta wino umechoka:
shairi la Nsimire, la mama yake mbeba mchanga,
lilikosa mstari wa chini,
peupe kama sahani iliyolambwa.

Pesa ya wino hatukuwa nayo.
Nsimire akasema, leteni kalamu.
Akakaa sakafuni na sketi yake ya ualimu,
akauandika mstari ule kwa mkono, mara sitini na nne,
bila kuinua kichwa,
na sisi nyuma yake tukipiga pini, tukizozana
kama bei iwe franka elfu mbili au elfu mbili na mia tano.
Hakuna aliyesoma.
Wahariri tulikuwa sita, Mungu atusamehe.

Nakala ishirini zilipanda meli ya usiku kwenda Goma.
Tisa ziliuzwa, moja ikarudi na duara la kikombe cha chai.
Kisha mvua ya Novemba ikashusha ukuta wa Murhula,
na meza, na tofali, na hadithi ya Wabulasa,
na toleo la nane halikutoka.
Nsimire akahamia Kindu.
Namba yake sasa anaipokea fundi cherehani, mtu mpole,
asiyejua shairi lolote.

Mwaka na nusu baadaye, sokoni Kadutu,
nilinunua karanga za franka mia tano.
Koni ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa.
Nikamwaga karanga mfukoni, nikaukunjua:
mwandiko wake, wino wa buluu, doa la mafuta,
*na mchanga ukamwambia, sasa nikubebe mimi.*

Nakala yangu nyumbani inasema:
*akatua mzigo, akauliza ni saa ngapi.*

Nilipanda pikipiki hadi Panzi.
Ntakwinja akaitoa yake kwenye kabati la sindano:
*hakutua. Nani kakwambia alitua?*
Ya Kyalondawa haina neno, ina nukta moja.
Alikuwa ameiona usiku uleule, akanyamaza,
kwa sababu, alisema, ilikaa mahali pake.

Nimefikisha kumi na moja.
Nyingine ziko Goma, nyingine ziliwashia makala.
Moja inaziba kioo kilichovunjika cha baa huko Essence,
maandishi yakitazama nje,
na mwenye baa hataki kusikia habari ya kuibandua
kabla ya kiangazi.
Wabulasa anataka tuchape toleo la nane,
liwe mistari hiyo tu, na hadithi yake.
Nasema bado.

Muuza karanga amenizoea.
Hunisogezea kwanza rundo la koni tupu, nichague,
ndipo anipimie,
hata siku ninazokuja nimeshiba.