Fundo la Saba

Waliletwa kwa lori la mizigo, wanakondoo saba,
wameviringishiwa magodoro kama wagonjwa,
siku ya baridi, mji ukinuka moshi wa mwaloni.
Mimi ndiye mshika funguo. Nilifungua mlango mkubwa,
ule wa maharusi na majeneza.

Remedios, mchongaji, aliwalaza mmoja mmoja
juu ya meza za chuma mbele ya altare:
plasta nyeupe, manyoya yaliyokwaruzwa kwa uma wa jikoni,
miguu minne imekutanishwa, ikafungwa kamba ya katani.
Alisema amewatoa kwenye picha ya mchoraji wa kale,
mzaliwa wa nyanda hizi za Estremadura,
aliyepaka giza nyuma ya kila kitu
ili cheupe kisiwe na pa kukimbilia.

Padri alitaka maua. Remedios akakataa.
Basi zulia. Akakataa.
Taa moja tu, ubavuni kushoto, kama dirisha la jikoni.

Watu wakaja.
Wengine walipiga ishara ya msalaba, wengine walipiga picha.
Mtoto wa Casilda akauliza, "Wamelala?"
Mama yake akamfunga kifungo cha koti
ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Kisha Eutimio wa buchani,
ambaye tangu tumzike mkewe
ana fundo moyoni na mwenye nyumba hii.
Aliingia na kofia kichwani, makusudi.
Akampita wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kwa wa nne akapiga magoti. Nikadhani anasali.

"Fundo hili la uongo," akasema.
"Aliyelifunga hajashika kitu kinachopumua.
Mateke mawili tu, huyu yuko mlimani."

Remedios hakujitetea. Alitoa mfukoni nakala ya ile picha,
imekunjwa mara nne, ina madoa ya plasta.
Eutimio akaipeleka kwenye mwanga
akaitazama kama mtu anayesoma barua ya hospitali.
Mishumaa miwili ikazimika yenyewe.

"Huyu," akasema, kidole juu ya karatasi,
"huyu aliwahi kufunga.
Kamba imezunguka mara mbili, ncha imefichwa chini,
haikati mshipa.
Ni fundo la mtu anayeomba radhi."

Wakakaa sakafuni mpaka usiku, yule na vidole vyake vinene,
yule na kucha zake nyeupe, wakifungua, wakifunga.
Mimi nilishika taa, mkono ukafa ganzi.
Kofia, sijui aliivua saa ngapi,
ilikuwa imelala chini ya meza ya tano.

La saba hakulikaza.
Aliacha nafasi ya kidole kimoja
kati ya kamba na kifundo cha mguu wa plasta,
akakipitisha humo, akakiacha kidogo,
kama anayesikiliza mapigo.

Sikumuuliza.
Walipotoka nilizima taa, nikaufunga mlango mkubwa,
na ufunguo, ambao miaka yote nauzungusha mara mbili,
niliuzungusha mara moja.