Hodi ya Diski

Wete, baada ya tarawehe.
Taa ya diski yawaka, ndani yazunguka, naisikia,
ila kompyuta haisemi karibu.

Nimehama tundu la mbele, nimekwenda la nyuma,
waya nimeazima kwa Faki wa duka la simu,
mashine nimeizima, nikahesabu hadi thelathini.
Wapi!

Nikamlaumu fundi. Nikalaumu umeme.
Kisha nikaikumbuka juzi:
adhana ya magharibi, uji umeshamiminwa, Bikombo ananiita,
nami nikaichopoa, hata kuiaga sikuiaga.

Naandika amri ya kuikagua
taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Ngoma ya daku inapita uchochoroni
ndipo folda moja inapochungulia: Harusi ya Mize.
Nyengine bado zimenuna.