Mpira wa Ndani

Mimi nilikuwa mdakaji.
Andika hilo kwanza, kabla ya jina la Nkwabi,
kwa sababu watu wa Mabatini wakisimulia
husema Nkwabi alimtwanga Bituro ubavuni,
na kweli, mkono ulikuwa wa Nkwabi,
mrefu, mkavu, na kidole cha kati
kilichokatwa ncha na mashine ya barafu.
Kisiki kile ndicho kilichoupa mpira
kona isiyosomeka.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha pamba,
kile kilichofungwa. Vituo vitatu:
magunia ya mbolea tuliyojaza mchanga.
Kibao cha mpigaji: kipande cha tairi la Fuso.
Mpira ukipotelea kwenye mawe haukurudi,
labda pimbi wanayo ligi yao.

Mwalimu Lugembe, aliyesomesha jiografia
na besiboli akaisoma kwenye kijitabu kisicho na jalada,
alituambia: Nje ni adabu. Ndani ni mazungumzo.
Mtu akiegemea kibao kama kaunta ya duka,
mrushie karibu, asikie upepo kwenye vifungo vya shati,
akumbuke kiwanja kina mwenyewe.
Si kumpiga. Kumkumbusha.
Hakutuambia kwamba kati ya hayo mawili
pana nafasi ya yai moja la kanga.

Bituro alikuja na timu ya Musoma.
Mipira miwili ya nje aliipeleka juu ya ukuta,
kwenye kamba za nguo za watu.
Mara ya tatu alipokuja,
nikachuchumaa, nikashusha vidole viwili,
nikagusa paja la kushoto: ndani.

Nkwabi akatikisa kichwa.

Nikarudia.

Akatikisa tena, akatazama Kisiwa cha Saanane
kana kwamba kule kuna mtu wa kumwita.
Nikarudia, na safari hii nikamalizia kwa ngumi,
ambayo kwetu sisi ilimaanisha:
au umeogopa?

Haikulia kama mfupa.
Ililia kama mkeka unaokung'utwa asubuhi.
Bituro hakujipapasa. Ndiyo sheria,
usijipapase, usiwape raha.
Alitembea hadi kituo cha kwanza, pua zimefunguka,
na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote
niliyaona machozi yamefika mlangoni
yamekatazwa kutoka.
Watu wakapiga makofi. Nyanzobe wa mihogo
akasema neno la Kisukuma
ambalo sitalitafsiri.

Alirudi mzunguko wa nane.
Akasimama karibu zaidi, kidole gumba juu ya tairi,
na bila kugeuka akaniambia:
Mwambie arushe.

Nikaomba nje.
Nkwabi alinitazama muda mrefu sana
kwa mtu mwenye mpira mkononi.
Akarusha nje, nje, nje,
na gongo la Bituro kila mara liliishia njiani,
ubavu ukilivuta kama mbuzi mwenye kamba.
Tulishinda. Elfu nane kila mmoja, na soda.
Nkwabi soda yake hakuifungua.

Mwezi uliopita, Mwaloni, kwenye mzani wa dagaa,
mtu akanigusa: "Magoti hayo nayajua."
Ana mvi kidogo. Anabeba gunia bega la kulia tu,
hata linapomlazimu kuzunguka meza nzima.
Tukacheka. Tukahesabu waliokufa.
Akaniuliza habari za Nkwabi,
nikamwambia yuko Geita, mgodini.

"Msalimie," akasema. "Mwambie simdai.
Ule mpira ulimponyoka tu,
nilimwona uso."

Muuzaji akataja kilo.
Nikafungua mdomo nimjibu Bituro,
na chini ya meza vidole vyangu viwili
vilikuwa vimeshanyooka vyenyewe,
vimelala juu ya paja la kushoto.