Sifuri ya Mbele

Saa tisa usiku, Dokkum, ofisi ya ushirika wa maziwa,
Sjoukje Hoekema anatazama ripoti inayosema
kwamba lita elfu kumi na mbili za juzi
hazikukamuliwa kwa ng'ombe yeyote.

Maziwa yapo. Tangi limepimwa, dereva ametia saini.
Ng'ombe wapo pia, mia sita na kitu,
kila mmoja na hereni ya njano sikioni.
Ila kati yao ni patupu.

Anamfungua mmoja. Jedwali la zizi linasema 417:
namba kamili, imevua viatu mlangoni,
nyepesi, tayari kujumlishwa.
Jedwali la maziwa linasema 0417:
alama nne zilizosimama bega kwa bega,
ya kwanza sifuri
ambayo mashine ya kukamulia imeipiga chapa
tangu enzi za karatasi zenye matundu pembeni.

Sisi wa Kiswahili tungemwambia upesi:
dada, ngeli zimekataana.
Huwezi kusema kiti limevunjika
ukategemea fundi ajue alete mbao.

Hifadhidata yenyewe haikulalamika.
Ukiiuliza kwa lugha yake ya kale
inameza sifuri kimyakimya, inawakutanisha.
Aliyekataa ni mkalimani,
lile tabaka nadhifu aliloandika Sjoukje mwezi Machi,
ligeuzalo mistari ya jedwali kuwa vitu vyenye majina:
Ng'ombe, Mkamuo, Mfugaji.
Mkalimani huweka funguo zake kichwani,
na kichwani mwake neno si namba
hata vikisomeka sawa.
Anapiga hodi kwa 0417. Hayupo.
Hatoi kosa, hapazi sauti,
anarudisha utupu kwa adabu,
na adabu hiyo imekwisha kuandika hundi tatu za sifuri.

Saa kumi na moja na robo simu inalia.
Wytse Terpstra, kutoka Holwerd,
sauti imejaa upepo wa tuta la bahari.
"Mnasema Tetsje wangu hakutoa kitu?
Nimetoka chini yake sasa hivi. Mikono bado ina joto."
"Namba yake?"
"Sifuri, nne, moja, saba."

Hasemi mia nne kumi na saba.
Hajawahi kusema hivyo, wala baba yake.
Sjoukje anaweka kikombe chini.

Nani aliwahi kumjumlisha Tetsje na ng'ombe wa jirani
akapata ng'ombe wa tatu?
Nani alimgawanya kwa mbili,
ukimwacha mchinjaji?
Ile haikuwa hesabu. Lilikuwa jina
lililovaa tarakimu.

Anaandika kigeuzi, mistari tisa, akisimamishe mpakani.
Itokayo zizini irudishiwe sifuri zake mpaka zitimie nne.
Itokayo kwenye maziwa ikaguliwe mkia,
maana 0041 inaburuta nafasi tupu nyuma yake;
mtu aliibonyeza zamani, akaenda kula.
Ni kiraka, anajua. Pembeni anaandika:
*Jumatatu tubadili safu yenyewe iwe maandishi.
Tafadhali. Kabla sijaanza kujisifu.*

Anaendesha tena.
Huko Holwerd sifuri ya mbele imesimama topeni, inacheua.
Ripoti inatoka: maziwa yana wenyewe,
isipokuwa lita arobaini
ambazo mpaka leo hakuna aliyezidai.