Swali la Saba

Jumanne baada ya isha, Ibra,
ghorofani juu ya duka la matairi,
feni ikiusukuma upepo wa moto huku na huku,
mwalimu Thankachan anapiga mstari
chini ya maneno mawili ya Kiingereza,
anauliza lile lake la kila siku:
"Umbo lake nini? Kazi yake nini?"

Umbo halinisumbui.
Kikitangulia kihusishi, ni kirai kihusishi,
hata ukivishe joho.
Kazi ndiyo inayonitoa jasho.
Kama makopo ya mama ya maziwa ya unga:
umbo moja, maandishi bado yanasomeka,
hili pishi ya mchele,
lile, lililoungua tako, chetezo cha uani.

Swali la saba nimekuja nalo nyumbani.
Mwalimu hutunga kwa majina yetu,
na kwangu, nikiigeuza, sentensi ni hii:
Zuweina alileta karafuu kutoka Unguja.
Mstari uko chini ya kutoka Unguja.

Kinaeleza kuleta? Basi ni kielezi:
kapu, forodha, mizani ya uwanja wa ndege.
Kinaeleza karafuu? Basi ni kivumishi,
na karafuu ni za huko
hata kama nimezinunua Mutrah.

Kiswahili kingenihurumia.
Kingesema za,
nami ningeona za imeshika mkono wa nani.
Kiingereza kimya. Mlango mmoja, vyumba viwili.

Mama anachambua dengu, namuuliza.
"Kwani mie," anasema, macho kwenye sinia,
"wakinitaja huko harusini,
Shinuna kutoka Unguja,
wanaeleza nini? Safari?
Safari nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nikatapika njia nzima, ikesha.
Miaka hamsini na kitu nanunua kitunguu hapa hapa."
Akatupa kijiwe.
"Nilitoka, ndiyo. Kutoka ndiko hakujanitoka."

Nikaandika kielezi.
Nikafuta.
Kivumishi. Nikafuta.
Kielezi tena, kwa hasira,
raba ikatafuna karatasi.

Jumapili mwalimu akaiinua kwenye taa,
yeye wa Kerala, miaka ishirini na mbili Ibra,
mwanga ukapita ukamtua shavuni.
Darasa likanyamaza, chini gurudumu likapigwa nyundo.

"Umbo lake: tundu," akasema,
akangoja nimwambie kazi yake.