Kidato cha Tisa

Saa nane unusu. Michenzani imenyamaza
kama chungu kilichofunikwa.
Feni inazungusha joto lile lile,
inalipeleka dirishani, inanirudishia.
Nimekula wali wa nazi na mchuzi wa changu,
kosa langu mwenyewe;
sasa kope zinashuka kama mlango wa duka
la Msellem pale chini, umefungwa nusu,
mwenyewe ndani, kalala juu ya magunia ya sukari.

Na Kazija amekaa.
Tangu Jumatatu amekaa kwenye kidato cha tisa,
ukurasa wa arubaini na moja,
ndoo ya maji ubavuni, kanga imemteremka begani.
Ghorofa ya nne yupo kaka yake
na hati ya nyumba ya mama yao, imeshatiwa sahihi
na mtu ambaye si mama yao.
Anajua. Ndiyo maana anapanda.
Ama ndiyo iliyokuwa maana.

Nimemwambia: Kazija, inuka.
Nimeandika "Kazija akainuka," nikaifuta,
kwa sababu hakuinuka, nilimsukuma tu,
na mtu aliyesukumwa hujulikana,
hata karatasini huenda kama aliyevaa kiatu cha mwenziwe.
Nimempa hasira; ikampoa mkononi.
Nimempa machozi; akajifuta, akakaa vile vile.
Nimejipa mimi kahawa, kikombe cha tatu,
na kashata ya karanga kuusindikiza uchungu:
moyo ukaenda mbio, mkono ukabaki.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.
Akanitazama kama anayeulizwa na kioo.

Hapo Bi Mboja akapiga kelele ngazini:
"Maji yametoka! Chini! Upesi, yasije yakakatika!"
Ukitaka kumwona aliyechoka akikimbia
mwambie maji yametoka.
Nikashuka na ndoo mbili, kandambili moja si yangu.
Kushuka si kazi.
Kupanda, ghorofa ya kwanza nilihesabu,
ya pili niliapa,
ya tatu magoti yakasema: bibi, sisi basi.
Nikakaa. Saruji ilikuwa baridi, tamu,
inanuka sabuni ya mche na mkojo wa paka.
Sikuhesabu kwanza. Halafu nikahesabu.
Cha tisa.

Wallahi sikuwaza chochote pale.
Si hati, si kaka, si ukurasa.
Niliyaangalia maji yakitulia ndani ya ndoo
mpaka uso wangu ukakusanyika.
Kumbe Kazija hakuwa mkaidi.
Alikuwa anasubiri maji yatulie.

Akaja mtoto anapanda mbio,
barafu ya ukwaju mkononi
inamchirizika mpaka kwenye kiwiko,
analamba huku anakimbia. Akasimama mbele yangu:
"Nipishe, mama. Ya bibi hii. Inayayuka."

Sikupata nguvu. Nataka ijulikane hivyo.
Nguvu hazikuja, si kwa dua wala kwa kahawa.
Nilisimama nimpishe mtoto, basi;
na mtu akishasimama, ndoo imo mkononi,
kukaa tena ni kazi kubwa kuliko kupanda.

Nimerudi mezani, kanga imelowa.
Sisimizi kazama kwenye kahawa.
Muadhini wa alasiri anakijaribu kipaza sauti, fu, fu, anakohoa.
Nimeandika mtoto anapanda mbio,
barafu inamchirizika.
Kazija kajivuta ukutani ampishe,
kasimama,
kaishika ndoo, katazama juu.

Mtoto ameshampita.
Anagonga mlango, ghorofa ya nne.
Wa kaka yake.
Hili sikulipanga. Mtoto yule sijui ni wa nani.
Kazija naye hajui, ndiyo maana sasa anapanda
vidato viwili viwili, maji yanamwagika,
na mimi nyuma yake, pumzi juu,
nimesahau kulala.